Mliozaa halafu mkojo unavuja mkicheka au mkikohoa, kuna aliyewahi kwenda kwa mtu wa fizio? Njooni tuongee

#1 MamaKai
Wakuu habari za jumapili. Wale wa utani naomba mpite kwanza, au mtanie mkishamaliza kusoma.

Nina miaka 34, watoto wawili. Wa kwanza nilijifungua kawaida, alikua na kilo 4 na kitu, nikachanika nikashonwa. Wa pili ndo huyu ana mwaka na miezi miwili. Tangu nimzae huyu nikipiga chafya mkojo unatoka, nikikohoa unatoka, nikicheka kile kicheko cha kwelikweli ndo kabisaa. Mama yangu nilipomwambia akacheka, akasema mwanangu huo ndo uzazi, mbona sisi wote. Yaani kumbe ukoo mzima tunavuja na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzie.

Basi nikawa mtu wa pedi kila siku, sio za siku tano, za mwezi mzima, piga hesabu hiyo bajeti. Kwenye daladala naomba Mungu dereva aone tuta mapema. Harusi ya wifi yangu mduara umepigwa watu wamejimwaga mimi nimekaa kwenye kiti nimepishanisha miguu kama mtoto wa chekechea anayeogopa kumwambia mwalimu.

Nikaingia YouTube nikakutana na Kegel. Bana sekunde kumi, achia, mara mia kwa siku. Nikaifanya kama dozi ya malaria, kwenye foleni nabana, naosha vyombo nabana, nanyonyesha nabana, miezi minne. Hali ikawa mbaya ZAIDI. Kukaja na vitu vipya, nikifika mlangoni kwangu, ile kuingiza ufunguo kitasani tu mkojo unakuja mbio kama umeitwa, na baba Kai akinisogelea naumia mpaka natoa machozi.

Nikaenda hospitali, wakapima mkojo hamna UTI, wakapima sukari hamna, daktari bila hata kuninyanyulia uso akasema uko vizuri nenda kafanye mazoezi ya kubana. Nikasema sawa nikarudi nyumbani nikabana tena.

Mpaka dada mmoja kazini akaniambia kuna watu wa fizio wanaoshughulika na hiyo sehemu. Mimi fizio najua ni ya aliyepooza au aliyevunjika mguu. Nimeenda wiki iliyopita na nilichokutana nacho ndo kimenileta hapa. Naendelea, mtoto analia.

#2 kijiwe_nongwa
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Kipusa wa Mbagala
MamaKai umeniandikia mimi huu uzi au? Mpaka ufunguo jamani, nilijua ni mimi peke yangu nagombana na kitasa, kuna siku nimeangusha funguo pale nje nikajua leo basi, na kweli ikawa basi

#4 Mtu Chake
Mi nilijua wadada wa mjini wanacheka kidogokidogo kwa sababu ya ustaarabu kumbe

#5 MamaKai
@Mtu Chake nilijua tu 😂 haya umeshatania, tulia sasa.

Naendelea. Nilijua nitafika nipande kitanda nivue nichunguzwe nitoke. Wapi. Tumeongea karibu saa nzima nimekaa kwenye kiti na nguo zangu. Unakojoa mara ngapi, usiku unaamka mara ngapi, unakunywa nini, choo kigumu? unakamia? ulisukuma muda gani ukiwa leba, ulichanika wapi, unahisi kitu kinashuka huko chini? tendo la ndoa linauma mlangoni au ndani? Maswali ambayo hata dada yangu hajawahi kuniuliza, na alikua anauliza kama anayeuliza bei ya nyanya, aibu ikaisha.

Kisha akanilaza chali akaniambia nyanyua kichwa, akaweka vidole juu ya kitovu, akaniambia misuli ya tumbo imeachana vidole viwili na nusu. Akaangalia ninavyopumua. Ndo akaniomba ruhusa ya kupima kwa ndani, kidole kimoja, glavu, hamna lile dude la chuma la kliniki. Akaniambia una haki ya kukataa, una haki ya kusema simama katikati, na ukitaka mtu wako awepo aje. Nikakubali.

Akaniambia bana. Nikabana.
Akasema achia. Nikaachia.
Akasema, achia.
Nikamwambia nimeachia.
Akasema dada, hujaachia.

Wakuu nilibaki namwangalia. Mimi nilijua msuli wangu umelegea ndo maana navuja, kumbe msuli umekaza kutwa kucha. Akanipa mfano wa manati, mpira wa manati ukiwa umeshavutwa mpaka mwisho halafu mtu akuambie rusha jiwe, utauvuta uende wapi tena? Chafya ikija msuli hauna pa kwenda, unashindwa. Na zile mara mia kwa siku nilikua nauvuta uliovutwa.

Kibaya zaidi nikibana nilikua nazuia pumzi, na nikizuia pumzi nasukuma chini bila kujua. Yaani najiona nabana kumbe nakamia.

Ameniambia mwezi mzima NISIBANE. Kazi yangu ni kujifunza kuachia. Nani mwingine kaambiwa hivi? Maana nikimwambia mtu anaona nimeibiwa hela.

#6 Fizio wa Kaskazini
Hujaibiwa. Naomba nichangie maana hii ndo kazi yangu, nimesoma fizio pale KCMC Moshi na wagonjwa wa aina hii nimewaona wengi, tena wanakuja wamechelewa miaka.

Kaa kwenye kiti kigumu uweke mkono chini yako. Hapo ulipokalia, kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kuna misuli imetandikwa. Kwa lugha ya darasani tunaita sakafu ya nyonga. Juu yake wamekaa kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Kazi yake ni kubeba, kufunga na KUFUNGUA, na hiyo ya tatu ndo watu wanaisahau. Ukivuta pumzi inashuka kidogo, ukitoa pumzi inapanda. Iliyo hai ni ile inayopanda na kushuka. Iliyokwama chini ni tatizo na iliyokwama juu ni tatizo, na zote mbili zinaweza kuvujisha mkojo. Ndo maana video haiwezi kujua wewe ni yupi.

Halafu huyo Kegel mnayemtaja ni mtu, Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, alichapisha kazi yake 1948. Hakuwaambia wanawake nendeni mkabane. Alikua na kifaa kinaingizwa ukeni kinasoma mgandamizo, mama anaangalia mshale mwenyewe aone kama kabana kweli au anajidanganya, na alikua anawafuatilia. Sisi tumechukua jina lake tukaacha kifaa na ufuatiliaji.

Kwa yule ambaye kweli misuli ni dhaifu na anavuja akikohoa, mazoezi ya kubana ndo tiba ya kwanza kabla hata ya kuwaza upasuaji. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema angalau miezi mitatu chini ya usimamizi, mikazo isiyopungua 8, mara tatu kwa siku. Nane sio mia. Msuli ni msuli, hata gym hakuna anayenyanyua chuma mara mia akategemea kupata nguvu, anapata uchovu.

#7 Sabra_88
Fizio tunakushukuru ila tuelekeze, hiyo kubana penyewe unabana wapi? Maana mi nikibana matako yote yanashiriki

#8 Fizio wa Kaskazini
Ndo kosa la wengi, matako, mapaja na tumbo vinafanya kazi, msuli wenyewe umelala. Fikiria uko ukweni, sebule imetulia, baba mkwe anaongea, na gesi inataka kutoka. Kile unachokifanya hapo bila mtu kukujua usoni, ndo chenyewe. Matako yametulia, pumzi inaendelea, unahisi kitu kinanyanyuka kwenda ndani na juu. Kama mtu aliyekaa pembeni yako anaona umenyanyuka kwenye kiti, umekosea.

Ile ya kukatisha mkojo katikati, jaribu mara moja tu kama unataka kujua msuli uko wapi, usiigeuze zoezi la kila siku, unakivuruga kibofu na mkojo unaweza kubaki.

Na ujanja mmoja wa bure kabisa kwa wenye kuvuja kwa chafya, bana KABLA ya chafya, sio baada. Chafya huwa inabisha hodi, ile sekunde ya kujikunja pua, bana hapo. Wengine wanaona tofauti ndani ya wiki.

#9 Bi Mkubwa wa Tanga
Assalam aleykum wanangu. Mimi ni mtu mzima nina wajukuu, nasoma humu nacheka peke yangu. Haya mambo ya kubana na kuachia sisi somo alitufundisha kabla ya ndoa, na mabibi zetu walifundishwa vilevile, huyo Mmarekani katukuta. Na ukizaa unawekwa ndani arobaini, unakandwa maji ya moto, unafungwa mkanda, hubebi kitu, hufagii. Nyie mnajifungua Jumatatu, Ijumaa mko sokoni na mtoto mgongoni halafu mnashangaa mnavuja. Kitanda cha kamba kikilegea mlalaji anaambiwa teremka tukaze. Nyie hamteremki mkakazwa, mnataka kukazwa huku mmelala juu yake.

#10 Kipusa wa Mbagala
TEREMKA TUKAZE 😂😂😂 bibi umeniua, na nimevuja

#11 Fizio wa Kaskazini
Shikamoo bibi. Kwenye arobaini niko upande wako mia kwa mia, ile ya kulala na kutobeba kitu ni dawa, misuli iliyotanuka kupitisha mtoto inahitaji wiki kadhaa bila mzigo. Nabishana na wewe kwenye mkanda tu. Ukikazwa sana kiunoni mpaka mtu anashindwa kuvuta pumzi, lile shinikizo la tumbo haliyeyuki, linakwenda chini, kwenye sakafu ileile ambayo bado mbichi. Mkanda wa kushikilia kidogo sawa, wa kukata mtu katikati hapana. Na maji ya moto kwenye mshono jamani yawe ya uvuguvugu, tumeona watu wameungua.

#12 Bi Mkubwa wa Tanga
Marahaba. Mkanda sijakuelewa ila nitafikiria.

#13 Duka la Dada Asili
Wapendwa kwa nini mteseke? Shabu original ya kubana, siku 3 unakua kama msichana, inakausha maji yote, mume hatoki nje. Njoo PM tufanye delivari mikoa yote

#14 Nesi Tumaini
Mods mtoeni huyu. Shabu haigusi msuli hata kidogo, inachokifanya ni kukausha na kuunguza ngozi laini ya ndani, mtu anahisi kumebana kumbe kumevimba na kumekauka. Nafanya kazi wodi ya wanawake, michubuko ninayoiona kwa ajili ya hiyo kitu nyie acheni, na mchubuko ndo mlango wa magonjwa, ukimwi ukiwemo. Na ukavu huo ndo unaleta maumivu, maumivu yanafanya msuli ukaze, unarudi palepale kwa MamaKai.

Nikiwa hapahapa niseme na jingine. Kama mkojo unatoka WENYEWE, mchana na usiku, hukohoi hucheki, unajikuta umelowa muda wote, na ulikaa leba siku nzima au mbili, hiyo inaweza kua fistula, ni tundu kati ya kibofu na uke, na tundu halizibwi kwa mazoezi. Usikae miaka ukijificha ndani kwa ajili ya harufu. Hospitali ya CCBRT Dar wanatibu fistula bila malipo, na tangu 2009 kulikua na utaratibu wa kutumia mgonjwa nauli kwa M-Pesa maana wengi walikua wanakwama kwenye nauli tu. Mjulishe na jirani yako wa kijijini asiyeingia humu. Fizio wanamsaidia baadaye akishashonwa, maana wengine tundu likishaziba bado mkojo unawavuja kwa sababu misuli imeumia.

Na ukiona damu kwenye mkojo, au ganzi huko chini, au mkojo umegoma kutoka kabisa, usiulize kwenye uzi, nenda hospitali.

#15 sina_jina_leo
Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya huu uzi. Mimi sijazaa na sivuji. Nina miaka miwili kwenye ndoa na tendo halijawahi kufanyika kikamilifu. Kunajifunga, ni kama kuna ukuta, na nikilazimisha naumia mpaka natetemeka. Mume wangu ni mtu mzuri hajawahi kunilazimisha ila kwao wameanza kuuliza mtoto yuko wapi. Mama mkwe kasema ni jini mahaba, nimepelekwa kwa watu wawili, nimeogeshwa madawa, nimekatazwa kulala na mume siku 21 (nikacheka moyoni, kwani nilikua nalala nae). Hospitali nilipoenda niliambiwa nijilegeze tu. Kujilegeza kungekua kunawezekana ningekuja?

Swali langu, hiyo fizio inamhusu na mtu kama mimi?

#16 Fizio wa Kaskazini
Inakuhusu kuliko wote waliochangia hapa. Hali yako ina jina, vajinismasi. Msuli unajifunga wenyewe kujilinda, kama jicho linavyofumba mtu akikusogezea kidole, hata ukijiambia usifumbe linafumba. Sio ubaridi, sio kwamba humpendi mume. Ya jini siwezi kuyasemea, ila nimewaona wengi waliotoka kwa waganga wakapona kwa mazoezi.

Tunaanza na pumzi na kulegeza nyonga, hakuna anayekugusa siku ya kwanza kama hutaki, na hata ya pili. Kisha unajifunza kujigusa mwenyewe kwa nje kwa mkono wako. Kisha kuna vifaa laini vya kujizoesha, vinaanza na chembamba kama kidole kidogo vinakwenda vinaongezeka, unatumia mwenyewe nyumbani na kilainishi cha maji, kwa kasi yako. Mwishoni mume anashirikishwa. Inachukua miezi, kwa wengine michache tu, na mara nyingi inafanya kazi vizuri ikienda pamoja na mtu wa ushauri nasaha, hasa kama kuna jambo lilikutokea zamani. Kegel wewe USIGUSE.

#17 sina_jina_leo
Nimesoma mara tatu. Nimelia. Asante.

#18 Wambo_Nakuru
Sasa wadau, niko huku Kenya mniskize pia. Yangu ilikuwa kitu inashuka. Ukioga unagusa unapata kitu kama yai pale chini, na jioni inakuwa mbaya zaidi kama nimesimama siku mzima, mgongo unavuta chini hivi. Nilidhani ni kansa, nikakaa nayo mwaka mzima nikiogopa kuambiwa. Kumbe ni kizazi kimeshuka, daktari akasema ni hatua ya pili hakuna haraka ya kukatwa. Akanipatia pesari, ni kiringi cha silikoni kinawekwa ndani kinashikilia, na akanituma kwa fizio.

Kitu ilinisaidia sana sana si hata kubana, ni kubeba. Mimi nabeba jerikani za lita 20 kila asubuhi. Fizio aliniambia nionyeshe vile unabeba, nikainua kiti yake, akaniambia umeshika pumzi. Nilikuwa nashika pumzi miaka kumi! Sasa nahesabu, nabana kidogo, natoa pumzi NIKIINUA, na jerikani iko karibu na mwili. Na nimegawa maji, mtungi mbili za kumi badala ya moja ya ishirini. Yai bado iko lakini inakaa juu, kuna siku nasahau.

#19 kijiwe_nongwa
Natoa karanga mdomoni niulize serious. Mke wangu anakohoa usiku anaamka anaenda kubadilisha, anadhani sijui. Mimi kama mume nifanye nini?

#20 Nesi Tumaini
Kwanza umfanye ajue kwamba unajua na hujamuona mchafu, hapo umeshafanya nusu. Pili hicho kikohozi kitibiwe, hakuna msuli utakaopona unapigwa nyundo kila usiku, kama kinazidi wiki mbili apimwe TB. Tatu beba maji wewe. Nne choo kigumu, mboga, maji, na kama mna choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu magoti yapande. Wenye choo cha kuchuchumaa mko vizuri tayari, msihangaike kuiga.

#21 Salma ughaibuni
Mie niko Ufaransa, nimezaa huku wawili. Huku ukizaa, wiki ya sita au ya nane unaonwa, na daktari au mkunga anakuandikia mazoezi ya msamba, yaani ya hiyo misuli ya chini, kawaida ni mara 10, bima ya serikali inalipa yote. Uvuje usivuje. Nilipoandikiwa nikamwambia mimi sina tatizo, mkunga akaniangalia kama nimesema sina meno. Mara ya kwanza kanipima nikaambiwa nguvu yangu ni mbili kwa tano. Nikaona aibu kama nimefeli darasa la saba. Nilivyomaliza mara kumi nilikua nne. Nikawaza mama yangu Unguja kazaa saba na hakuna aliyemuuliza hata mara moja.

#22 Sabra_88
Na tuliozaa kwa operesheni tumesalimika au?

#23 Fizio wa Kaskazini
Mmepunguziwa, hamjasamehewa. Mzigo wa miezi tisa mliubeba nyinyi nyinyi. Na kovu la operesheni nalo lina mambo yake, likishapona vizuri linafanyiwa masaji lisigande.

#24 GA_netiboli
Sijazaa, nina miaka 22, nacheza netiboli, robo ya mwisho nikiruka navuja na kocha anajua ni jasho 😭 tuko watatu kwenye timu. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, nimeona mnasema wazazi tu nikaona niwaambie na sisi tupo

#25 Fizio wa Kaskazini
Mpo wengi, wanaoruka na kukimbia ni kundi linalojulikana kabisa. Nendeni wote watatu mkapimwe, na usiache kunywa maji kwa kuogopa, mkojo mkali ndo unakera kibofu zaidi.

#26 Kipusa wa Mbagala
MamaKai mrejesho uko wapi? Wiki kumi hizi umetutelekeza

#27 MamaKai
Nipo, niliapa sirudi mpaka niwe na la kusema.

Mwezi wa kwanza ulikua wa kuboa kuliko yote. Nalala chali sakafuni, miguu juu ya kochi, mkono tumboni, navuta pumzi mpaka huko chini kushuke, natoa. Dakika kumi asubuhi kumi usiku. Kai anakuja ananilalia juu. Baba Kai anauliza hii ndo umelipia? Kuna lingine la kupiga magoti na kulala mbele kama mtu yuko kwenye sijda, hilo ndo lilinifungulia nyonga, siku moja nikahisi kabisa huko chini kumeachia, nikashtuka, nilikua sijawahi kujua kwamba hapo pana uzito.

Akanipa na daftari, siku tatu naandika kila ninachokunywa na kila ninapoenda chooni. Hapo ndo niliumbuka. Chooni mara 16 kwa siku! Na chai ya rangi vikombe sita, maji nusu chupa. Kumbe nilikua naenda "kabla sijatoka", "kabla sijapanda gari", "ngoja nikakojoe tu kwa usalama", kibofu kikajifunza kupiga kelele kikiwa na vijiko viwili. Dawa yake ni kukizoesha, ikija haraka nasimama, sikimbii, natoa pumzi taratibu, nahesabu, inapita, nasogeza dakika kumi. Wiki inayofuata kumi na tano. Sasa hivi naenda mara 8. Kwa kitasa nilifanyishwa zoezi maalum, nafungua mlango, naingia, nakaa kwenye kochi kwanza. Ilibidi nikiambie kibofu nani mwenye nyumba.

Wiki ya tano ndo akanirudisha kwenye kubana. Sekunde tatu tu, naachia sekunde sita, mara nane. Nilipoweza ndo tukaongeza. Kisha kubana nikisimama, kisha nikikohoa makusudi, kisha nikimbeba mtoto.

Hali ya sasa, pedi nilikua natumia tatu kwa siku, sasa naweka moja nikiwa na safari, na mara nyingi inarudi kavu. Chafya nimeishinda. Baba Kai na mimi tumerudi kua watu, taratibu ila hakuna machozi. Kuruka kamba BADO, nilijaribu na mtoto wa jirani nikaingia ndani haraka. Ndio, hela imetoka, vipindi sita, ila nimepiga hesabu haifiki pedi zangu za mwaka.

#28 sina_jina_leo
Mimi nimeenda mara nne. Sijafika mwisho. Ila chembamba cha kwanza na cha pili nimeshavivuka. Nimekuja kuwaambia nyinyi tu.

#29 Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu Mungu akufungulie. Vigelegele.

#30 MamaKai
@sina_jina_leo nimepiga kelele ofisini, watu wamegeuka.

Nimesahau la mwisho. Nilimwambia mama yangu, yule wa "huo ndo uzazi". Alikaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anauliza bei ya dhahabu, na mtu wa miaka 61 wanampokea? Fizio alinijibu wanapokea, ukishakoma hedhi homoni zinapungua ngozi ya huko inakua nyembamba, daktari anaweza kuongezea krimu, lakini msuli unafunzika umri wowote. Alhamisi nampeleka. Ameshapanga khanga mbili za akiba kwenye mkoba na kanikataza kabisa nisimwambie shangazi.

#31 Mama Kibaha
Alhamisi saa ngapi? Ni mimi shangazi yako.